Majina Tuliyoyaandika Bila Kuuliza

Feza, mujukuu wangu, na ninyi wenzake wawili munaotengeneza gazeti la kwenye simu: juzi mulikuja mukaketi kwenye mukeka wangu, mukaniomba niwatajie wakubwa wa familia za Kasuku na Alunguli, mitaa ya hapa Kindu. Niliwaambia ngojeni kidogo. Niliona mulivyoangaliana, mukadhani koko wenu amesahau. Sijasahau hata mumoja. Nilitaka kwanza niandike hii, kwa mukono wangu, polepole, maana shule niliacha mwaka wa tatu na kalamu bado inanitoa jasho kuliko jembe.

Kazi yangu ilikuwa kuuza gazeti na kupokea komunike, matangazo ya watu. Meza yangu ilikuwa pale watu wanaposhuka kwenye pirogi, mitumbwi ya kuvuka mto, wakitoka ng'ambo ya Alunguli, upande wa kushoto mukipanda. Sikuandika hata musitari mumoja wa lile gazeti. Lakini muulizeni muntu yeyote wa umri wangu hapa Kindu: Mwajuma njo nani? Atawaambia, ni yule mama wa karatasi ya Papa Amuri.

Papa Amuri alikuwa patroni, mwenye gazeti. Zamani alikuwa mwalimu, na hata alipozeeka alisimama kama muntu anayengoja watoto wanyamaze. Alinunua masini ya roneo, ya kuchapia kwa wino, kwa muzungu mumoja aliyefunga duka lake, akaiweka katika chumba cha nyuma, nyumbani kwake. Justine njo alipiga stensili, ile karatasi ya nta inayobeba herufi. Mimi niliuza. Watu watatu, karatasi mbili zilizochapwa mbele na nyuma, kurasa nne, kila Ijumaa asubuhi. Juu ya ukurasa wa kwanza iko picha ya treni, ambayo Papa Amuri aliichora mwenyewe, na treni yake ilikuwa na magurudumu matatu tu, maana la ine lilikosa nafasi. Kila muntu aliijua.

Wino wa roneo haukauki haraka. Hiyo nilijifunza kwa kosa. Ijumaa moja nilichelewa, nikaziuza zikiwa bado mbichi. Papa Hamadi, aliyekuwa anauza chumvi, alinunua yake, akaitandika kwenye benchi langu, akakalia, akangoja saa ya kwenda kuswali. Alikuwa na kanzu nyeupe, mupya. Aliporudi alisimama mbele ya meza yangu, akanigeuzia mugongo. Treni ya magurudumu matatu ilikuwa pale chini, muzima kabisa, imegeuka inaelekea Kalima. Akaniambia watu wa safu ya nyuma walikuwa wamesoma gazeti lote bila kununua. Tangu siku ile nilizianika kwenye kamba saa nzima, na hata mvua ikitisha, siziondoi mpaka nimezigusa kwa kidole cha ulimi. Ndiyo, ulimi. Kidole unalowesha kwanza, kisha unagusa pembe ya herufi. Ikitoka, ngoja.

Sasa nisikilizeni juu ya ukurasa wa ine, maana njo huo uliotubeba.

Wakati wa vita treni haikufika, barabara zilikatika, watu walikimbilia pori, huyu na watoto wawili, huyu peke yake, mwingine na mutoto asiye wake. Walipotoka kule, wengi walikuja kwenye meza yangu kabla hata ya kuomba maji. Wanatafuta. Mama anatafuta bibi ya kaka yake, bwana anatafuta bibi yake, mutoto anatafuta muntu yeyote. Papa Amuri akawapa ukurasa wote wa ine, bure, na tukauita komunike.

Mimi kuandika haraka sikuweza. Kwa hiyo niliweka kichwani. Niliuliza vitu vine tu: jina lako nani, baba yako nani, kwenu wapi, na alama yako njo gani. Alama njo kubwa. Amisi walikuwa wengi kama mchwa, lakini Amisi mwenye kidole cha muguu kilichopondwa na reli ni mumoja. Feza wa Kampene ni wengi, lakini Feza wa Kampene anayecheka akiziba mudomo kwa mukono ni mumoja. Jioni nilikwenda kwa Justine, nikamutajia wote mufululizo, yeye anapiga masini. Nilikuwa ninawataja kwa familia, anayetafuta pamoja na anayetafutwa, maana kichwani mwangu walikaa hivyo, wameshikana. Kumbukeni hiyo. Itarudi.

Wasomaji walifungulia nyuma. Kwanza ukurasa wa ine, halafu wa tatu, na wa kwanza mwisho kabisa, kama muchuzi uliobaki. Nami nikaanza kulikunja gazeti ukurasa wa ine ukiwa nje. Papa Amuri aliona, akaumia, maana maneno yake mwenyewe aliyaandika mbele. Akaniambia, «Mwajuma, mimi ninasimama mbele, wewe unanigeuza nyuma.» Nikamuambia wakimaliza kutafuta watu wao watamufikia. Alicheka mpaka akavua miwani. Hakunikataza tena.

Nawaambia haya mujue alikuwa muntu wa namna gani, kwa sababu sasa nitawaambia kosa lake, na langu liko ndani.

Vita ilipotulia, tukaambiwa tutapiga kura. Watu walifurahi sana. Lakini karatasi haikuwepo. Stensili haikuwepo. Vitu vyote vilikuja kwa ndege ndogo, zile za wachuuzi wa mawe ya madini ya Kalima, na ndege ikishusha chumvi na sabuni haina nafasi ya karatasi ya mwalimu muzee. Majuma mawili tulikaa bila kutoa gazeti. Watu walikuja mezani na komunike zao, mimi ninaziweka kichwani tu, kichwa kinajaa kama ghala.

Halafu akaja muchuuzi mumoja mwenye ndege zake, kandida, anayetaka achaguliwe. Tulimuita Honorable, kama wanavyoitwa wabunge. Hajachaguliwa bado, lakini alianza mwenyewe kujiita hivyo, sisi tukafuata kwa adabu. Alimuletea Papa Amuri makartoni ya karatasi, stensili na wino, akamuambia ni zawadi kwa ajili ya wale wanaotafuta watu wao. Sitasema alikuwa muntu mubaya. Aliposhusha yale makartoni Justine alilia, na mimi nilimushukuru kwa mikono miwili.

Juma lililofuata Papa Amuri aliandika ukurasa wa kwanza: mimi, Amuri, huyu njo nitamupigia kura, na sababu zangu ni hizi. Aliandika pia kwamba karatasi munayoshika imetoka kwake. Nilikwenda mezani. Nilidhani watanitupia. Hapana. Walinunua. Walisoma komunike kwanza, kisha wakafika mbele, wakacheka kidogo. Mama Kamwanya, aliyeuza mafuta ya mawese karibu yangu, hakujua kusoma, nikamueleza. Akasema huo ni mudomo wa Amuri, anao mumoja kama sisi wote, na je, ukurasa wa ine iko? Nikasema iko. Akasema basi leta.

Wale vijana wanaosema wasomaji hawataki mwenye gazeti awe na kandida wake, mimi nawakatalia. Sisi wa Kindu tulijua Amuri ana kandida, kama tulivyojua ana baridi yabisi. Alituambia mwenyewe, kwa jina lake, na alituambia nani amemupa karatasi. Tulimupima, tukaendelea.

Lakini Honorable hakutosheka. Siku aliyorudi kwa Papa Amuri nilikuwepo, nimeleta komunike. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Justine, anageuza gazeti mikononi.

«Amuri,» akasema, «wewe ni muntu mumoja. Mimi nataka Kindu.»

Yule akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba ndege ya juma lijalo itakuwa na muzigo mwingi, hajui kama nafasi itapatikana. Kisha akatuaga muzuri, akaniita mama.

Alipoondoka patroni alihesabu karatasi zilizobaki. Halafu akaniomba nimutajie wakubwa wa familia zinazotusoma. Angalieni, watoto wangu: nilijua ni kwa ajili ya nini. Nisije nikawaambia sikujua. Nilijua, lakini hakuna siku muntu alikuwa ameniambia, Mwajuma, kaa kwenye kiti, sema, sisi tutaandika. Nilikaa. Nilianza na Kasuku, nikapita Mikelenge, nikavuka Alunguli, nikashika njia ya Kibombo. Watu wa nyumba ile walikuja kusimama mulangoni kunisikiliza. Nilijiona mukubwa. Majina yalitoka kama ilivyo kawaida yao, kwa familia, wameshikana, anayetafuta na anayetafutwa. Sikuwatenganisha. Hata sikufikiri kuwatenganisha.

Justine alisimamisha vidole mara moja tu. «Hawa wote wamekubali?»

«Watakubali,» patroni akasema.

Akapiga. Majina yalijaa ukurasa wa tatu, yakamwagika ukurasa wa ine, na komunike za juma lile zikakosa nafasi. Juu yake, kwa jina la jimbo letu lote, iliandikwa kwa herufi kubwa: Sisi familia za Maniema tuko nyuma ya Honorable.

Ijumaa niliuza zote kabla jua halijapanda. Watu waliona majina mengi ukurasa wa ine, wakadhani ni waliopatikana. Mulisikia? Walidhani ni waliopatikana. Nikaketi na meza tupu, nimefurahi.

Baada ya swala Papa Hamadi alirudi. Aliweka gazeti lake mezani, kifudifudi, akaweka kiganja juu yake kama muntu anayelaza mutoto, akaondoka. Akaja mwingine, akaweka juu ya lile. Akaja mwingine. Hawakunitukana. Hawakudai kitu. Mama Kamwanya aliniangalia siku nzima, kisha akauliza nani ametia jina lake mumo ndani. Nikasema ni mimi nimelitaja.

«Mwajuma,» akasema, «mimi nilikuwa bado ninafikiri.»

Juma lililofuata nilipanga magazeti yangu, nimeyakausha muzuri, yamekunjwa muzuri. Salamu nilizipata zote. Umeamkaje, mama, watoto wako wazima, na muguu wako. Gazeti, hapana. Muntu anayekukasirikia utamujibu. Muntu anayekusalimia kwa adabu na kukupita, huyo utamujibu nini?

Nilidhani hiyo njo adhabu yenyewe. Kumbe Sifa alikuwa njiani.

Sifa alikuwa mama wa Tunda, kule Kibombo, bibi ya marehemu Kalonda. Wakati wa vita mutoto wao mumoja, Musafiri, alitenganishwa naye kwenye njia. Komunike yake tuliitoa mara nyingi: Musafiri mwana wa Kalonda, wa Tunda, alama yake kovu la mafuta ya moto kwenye kiwiko cha mukono wa kushoto, na akila anaimba puani. Anatafutwa na mama yake.

Gazeti letu lilifika Tunda kwenye baiskeli ya wachuuzi. Mwalimu wa kule alimusomea Sifa yale majina, ukurasa wa ine, palepale penye komunike. Akasikia: Kalonda wa Tunda, Sifa, Musafiri. Alitoka siku ileile. Siku sita kwa miguu. Alifika mezani kwangu asubuhi, amebeba kuku na shati. Shati ya rangi ya udongo, mupya, imekunjwa ndani ya jani la ndizi ili isichafuke.

«Musafiri iko wapi?» akaniuliza. «Nimesikia iko na Honorable.»

Nimesema mimi ninakumbuka kila jina. Siku ile, kama ningeweza kusahau langu mwenyewe, ningesahau. Nilimushika mukono, nikamupeleka kwa Papa Amuri, na njia yote alikuwa ananieleza kwamba shati ameikata kubwa kidogo, maana mutoto atakuwa ameongezeka mabega.

Papa Amuri alikuwa anarekebisha stensili kwa ile dawa nyekundu ya kufuta makosa. Aliniona uso, akaona kuku, akaona shati. Aliweka brashi chini. Hakumupa kiti, alishuka yeye, akakaa chini kwenye sakafu mbele yake, muzee mwenye baridi yabisi.

«Mama,» akasema, «mutoto wako hatukumuona. Tuliandika jina lake bila kumuona.»

«Basi nani alimuona?»

«Hakuna.»

Sifa hakulia. Alifungua jani la ndizi, akaangalia shati, akalifunga tena. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilisikia ninaacha kula.

«Njiani nilimuambia kila muntu. Vijiji vyote walinipigia vigelegele, kuku huyu walinipa wao. Sasa nitarudi kwa kupitia wapi?»

Papa Amuri alitaka kuomba radhi. Nilimuona anatafuta maneno, na alikuwa muntu wa maneno. Lakini Sifa hakuuliza juu ya radhi, aliuliza juu ya njia. Njo mimi nikasema, patroni, mupe karatasi ya kurudi nayo. Akanielewa palepale. Alichukua ile stensili aliyokuwa anarekebisha, akaichana, akamuambia Justine aweke mupya.

Gazeti la siku ile lilikuwa ukurasa mumoja. Liliandikwa hivi, ninalo kichwani: Majina tuliyotoa nyuma ya Honorable tuliyaandika bila kuuliza wenyewe. Tumekosa. Wengine ni marehemu, wengine wanatafutwa. Musafiri mwana wa Kalonda wa Tunda hajaonekana, mama yake bado anamutafuta. Mimi Amuri bado nitamupigia Honorable kura, mimi peke yangu na jina langu. Na chini, bila mimi kuomba: Aliyetaja majina ni Mwajuma, aliyeamuru ni Amuri. Nilikuwa sijawahi kuona jina langu katika gazeti. Sikulalamika.

Nilikwenda na Sifa mpaka Tunda. Sehemu nyingine tulibebwa na wachuuzi wa mafuta, nyingi tulitembea. Katika kila kijiji watu walitoka mbio wakiuliza mutoto iko wapi, na kabla Sifa hajafungua mudomo mimi nilisimama mbele yake, nikasema kosa ni letu sisi wa gazeti, huyu mama hakusema uongo. Nikabandika karatasi kwenye nyumba ya chifu. Kijiji cha kwanza nilifanya hivyo. Cha pili vilevile. Kule kwingine bibi mumoja aliniambia, wewe umekula nini kwa jina la mutoto wake? Nilisema kiti. Nilikalishwa kwenye kiti. Hakunielewa, na sikuwa na jibu lingine la kweli.

Honorable alichukua makartoni yake yaliyobaki. Hakufanya fujo, alituma tu muntu. Na kura alishinda, tena kwa urahisi, bila orodha yetu. Papa Amuri alimupigia kama alivyosema. Sisi tulitoa gazeti kwenye migongo ya fomu za zamani za reli, ambazo Papa Hamadi alizitoa sijui wapi, na kalenda zilizokwisha, na daftari za shule. Wasomaji walirudi, si wote, wala si haraka. Walilishika kwanza kama muntu anayeshika samaki, ananusa. Mama Kamwanya alinunua tena, lakini mpaka anafariki aliniuliza kila Ijumaa kama jina lake iko ndani. Nikasema haliko. Akasema basi leta. Papa Amuri alipozikwa njo Kindu nzima ilimusindikiza, na hata Honorable alikuja, akasimama nyuma.

Sasa ninyi. Mwenye kuwanunulia simu na vifaa ana kandida wake, na mumeniambia anataka orodha. Feza, usiiname, sikukaripii. Yeye akitaka kumutaja kandida wake, amutaje, kwa jina lake mwenyewe, na museme simu zimetoka kwake. Watu wa hapa watawapima, hawatawameza. Lakini majina ya wengine nitawapa kwa namna moja tu: mumoja mumoja, na munakwenda mulangoni kwake. Kwa miguu. Munamuuliza yeye mwenyewe, akiwa hai, akiwa ameketi, na akisema bado anafikiri, munamushukuru munarudi. Nilihesabu mwenyewe, itawachukua mpaka kura zimekwisha. Sawa.

La kwanza ninawapa leo, na hili muliweke peke yake, mbali na orodha zote. Musafiri mwana wa Kalonda, wa Tunda. Kovu la mafuta ya moto kwenye kiwiko cha mukono wa kushoto. Akila anaimba puani. Mama yake, Sifa, alifariki mwaka jana bila kumuona. Siku ile tulipofika Tunda nilipomuaga, aliniwekea lile jani la ndizi mikononi, na shati ndani yake, akaniambia wewe njo uko pale watu wanapopita, mutoto akipita umupe. Jani lilioza zamani. Shati nimeifua mara nyingi. Iko kwenye sanduku langu chini ya kitambaa cha kijani, na mukiweka jina lake kwenye simu zenu, andikeni kwamba shati yake iko hapa, Kindu, na kwamba ilikatwa kubwa kidogo.